Mahali Peupe Kando Yako

Kitale, Jumapili jioni

Mwanangu Mukhwana,

Mama yako amekwisha kukueleza habari za sufuria, blanketi na dawa ya mbu, nami sina la kuongeza hapo. Hata sasa ninapoandika namsikia jikoni akikukumbusha kuchemsha maji ya kunywa, nawe unaitikia "Ndiyo, mayi" kwa sauti ya mtu anayefikiria kitu kingine. Mimi nimekuja huku studio nikijifanya naangalia kama printa imefungwa vizuri. Imefungwa vizuri. Uliifunga mwenyewe kwa magunia na kamba ya katani, vizuri kuliko ambavyo ningeifunga mimi.

Nakuandikia kwa sababu kuna maneno ambayo mdomo wangu haujui njia yake. Unanijua. Mteja akija kunieleza habari za marehemu wake naweza kumsikiliza kutwa nzima, lakini nikitakiwa kusema yangu nageuka kutafuta kitambaa cha kupangusa lenzi. Shule niliiacha darasa la saba, kwa hiyo ukikutana na sentensi iliyopinda, inyooshe usonge mbele.

Unaondoka kesho, na katika nyumba hii ya mpiga picha hakuna picha yako hata moja tangu mwaka ule uliotahiriwa. Wageni hudhani ni ile hadithi ya fundi viatu na watoto wasio na viatu. Mimi na wewe tunajua sivyo. Kila nilipoinua kamera ulitoka chumbani taratibu, bila kelele, bila kunikosea heshima, nami sikuwahi kukufuata nikuulize. Ninaogopa kwamba utaenda na jambo hilo mpaka Bungoma, likae nawe kwenye chumba hicho kipya, lizeeke humo. Ndilo ninalotaka kulitoa leo.

Lakini niache kwanza nizunguke kidogo. Ndivyo nilivyo.

Kibao cha studio yako mpya nilikisoma ulipokwenda kuoga. "Tunachora maisha yako kwa kompyuta." Ni kibao kizuri. Watu wa Kanduyi, pale Bungoma, watakuja. Watakuletea kitambulisho kilichopasuka katikati, picha ya harusi iliyoliwa na mende, kipande cha gazeti, na watakuambia, "Kijana, mtengeneze awe vile alikuwa." Watakuomba umweke marehemu kando ya mjukuu aliyepewa jina lake. Watakuomba umrudishie mama yao ng'ombe wake, au cherehani yake, au ule ukumbi wa kanisa alioujenga kwa kubeba maji ya saruji kichwani. Kazi yenyewe ya mikono unaijua kunishinda. Kilichonichelewesha mimi ni kitu kingine, nami nilikijua kwa wateja niliowaumiza.

Unamkumbuka yule mzee wa Bumula aliyehamia huku Kitale, aliyekuwa akija na baiskeli nyeusi? Ulikuwa shuleni siku alipoleta kitambulisho cha marehemu mkewe. Alitaka picha kubwa ya kuning'iniza sebuleni, na alitaka mke wake awe anacheka. "Alikuwa mtu wa kucheka, bana. Hii ya serikali imemfanya kama amekamatwa." Nami sikuwa na picha nyingine ya huyo mama. Nikaazima kicheko. Nilichukua mdomo wa mama mmoja wa kwaya, nikaupachika kwa ustadi, nikalainisha kingo, nikajisifu moyoni. Siku ya kuchukua, mzee alikuja na wajukuu wake. Nikafunua kitambaa. Msichana mdogo akapiga kelele, "Kukhu ameota meno!" Wenzake wakaanguka kwa kicheko. Mzee hakucheka. Aliisogelea picha mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu ni nani?" akaniuliza.

"Ni mama, mzee."

"Bibi yangu aling'olewa meno mawili ya chini akiwa msichana, kama rika lake lote. Wewe si mtoto wa kwetu? Hujui mama zako wakicheka wanafanana aje?"

Nilijua, Mukhwana. Mama yangu mwenyewe alikuwa na pengo hilo, na ulimi ulikuwa unachungulia hapo akitamka jina langu. Nilijua lakini sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kupendeza. Nilimwomba radhi, nikamkalisha hapa kwenye benchi, nikamwambia anisimulie vile mkewe alivyokuwa akicheka. Akasema alikuwa anaziba mdomo kwa kiganja, halafu macho yanajaa maji. Basi nikatengeneza mama aliyeziba mdomo kwa kiganja. Mdomo haukuonekana kabisa. Mzee alipoiona akatoa leso. Aliondoka akiwa ameikumbatia, baiskeli akimwachia mjukuu aisukume.

Na yule baba wa Cheptais, ambaye nyumba yake ilichomwa wakati wa zile vurugu za Mlima Elgon, akateremka huku na watoto na godoro moja. Hakutaka uso wa mtu. Alitaka boma lake, ili watoto wasisahau walikotoka. Hakuwa na picha hata moja, kila kitu kilikuwa kimeungua. Nilimhurumia. Nikaona nimpe nyumba nzuri kuliko aliyokuwa nayo: mabati mapya, madirisha ya vioo, maua mlangoni. Aliitazama, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa upole kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe. "Asante, fundi. Lakini hii ni ya mtu mwingine. Mimi sijawahi kulala hapa." Hapo ulikuwepo. Ni wewe uliyevuta kiti ukamketisha kando yako mbele ya kompyuta, ukamwambia, "Baba, wewe sema, mimi nisogeze." Mkakaa alasiri yote. Ghala likainama kushoto kidogo. Hapana, kidogo zaidi. Mti wa parachichi ukaja karibu na jikoni. Ukuta ukapata ule weusi wa moshi. Stima ilipopotea mlisubiri gizani, naye akaendelea kukusimulia mbuzi wake kwa majina. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikafikiri: huyu mtoto amejifunza haya wapi? Si kwangu. Mimi huwapa watu ninachofikiri wanakikosa.

Sasa nimefika.

Ndugu yako Mulongo alipokufa mlikuwa wadogo bado, mkivaa sare moja, mkila sahani moja. Ilikuwa malaria ya msimu wa mvua, ile iliyopanda mpaka huku kwetu kwenye baridi ambako watu hawakuizoea. Siku ya mazishi, kule Bumula kwa babu yako, kuka wako, wazee waliniomba picha ya kuweka juu ya jeneza. Wote waligeuka kunitazama. Nilikuwa nimepiga harusi na mahafali na ubatizo wa watu wa mji mzima. Nikaenda kwenye begi langu huku nikijua ninachokwenda kukuta. Kulikuwa na picha moja tu yenu mkiwa wakubwa wa kujisimamia, ile ya Krismasi, mmevaa mashati ya kijani. Wewe umesimama wima kama askari. Yeye aligeuka kumwangalia kuku wakati kidole changu kinabonyeza, na uso wake ulitoka kama moshi. Sikio moja tu ndilo lililoonekana vizuri. Ningeweza kuirudia picha ile siku hiyohiyo. Filamu ilikuwa imebaki kidogo nami niliiweka kwa ajili ya mteja.

Jeneza la mtoto wa mpiga picha lilikwenda kaburini bila picha.

Miaka ikapita, nikanunua kompyuta kwa yule mwalimu aliyehamishwa. Unakumbuka jinsi tulivyoifunika kwa kitambaa cha mezani kama jeneza? Mama yako ndiye aliyesema hivyo, akakiondoa kitambaa. Nilijifunza polepole, jioni baada ya jioni. Na siku nilipoweza kutoa mtu kwenye picha moja na kumweka kwenye nyingine, wewe unajua ni nani niliyemfikiria kwanza.

Kwetu pacha hawabaguliwi. Ukinunua shati moja umenunua mawili. Ukimwadhibu mmoja, mwenzake naye anaguswa na fimbo, hata kama ni kwa kumgusa tu. Nililelewa nikiona hivyo, na ulipoachwa peke yako sikujua jinsi ya kuacha. Nikakupiga picha ya Krismasi, nikaona mkono wangu umempa mmoja. Basi nikachukua uso wako, nikaugeuza kulia uwe kushoto, nikabadilisha shati likawa la bluu, nikauweka kando yako. Pacha wangu walikuwa wawili tena. Nililia mbele ya ile kompyuta, na sitakudanganya, yalikuwa machozi matamu.

Nikaitundika hapa studio. Mwaka uliofuata nikafanya tena. Ulivyokua, naye akakua. Sauti yako ilipoanza kukwaruza nikamwekea ule mstari mdogo juu ya mdomo. Wateja wakawa wananiambia, "Pacha wako wanakuja vizuri." Nikawa naitikia asante. Siku moja mama mmoja akauliza, "Na huyu wa bluu yuko shule gani?" Nikamjibu, "Yuko kwa kukhu wake, Bumula." Nyanya yako alikuwa amelala pale, na Mulongo kando yake, kwa hiyo nilijiambia sijasema uongo. Halafu nikasikia mkasi ukianguka nyuma yangu. Ulikuwa umekaa sakafuni ukikata kingo za picha za pasipoti. Uliuokota ukaendelea kukata. Ningesema kitu hapo. Hata "mwanangu" tu ingetosha. Nikageuka kutafuta kitambaa.

Kisha ukafika Agosti ule wa tohara. Ulizunguka na njuga zako kuwaalika jamaa wote, vumbi mpaka kwenye kope, mjomba wako akakuvalisha nyama ya shingo ya ng'ombe kifuani kama desturi inavyotaka, na asubuhi ile ya baridi wakakuleta kutoka mtoni, matope mwili mzima, nyasi kichwani. Mimi nilikuwa na kamera ya dijitali, ya kwanza isiyotumia filamu, nikakupiga uliposimama uani kwa kuka wako. Kutoka kifuani kwenda juu. Macho yako yametazama mbali, juu ya mapaa, kama ulivyofundishwa. Hukupepesa. Ilikuwa picha bora kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nami nikarudi Kitale nikafanya nilichofanya.

Nilimpaka matope. Nilimwekea nyasi. Nikamsimamisha kando yako uani, bega kwa bega, nikafurahi kwamba kivuli usoni pake kimelala upande uleule na chako. Ulipopona na kurudi nyumbani, nilikuwa nimeiweka kwenye fremu kubwa ya mti. Nilitaka iwe zawadi. Mama yako ndiye aliyeingia wa kwanza. Alisimama hapo mlangoni, mikono imejaa nguo za kuanika.

"Baba Mukhwana," akasema, polepole. "Umemtoa mtoto kaburini ukamtahiri na kompyuta?"

Akaigeuza fremu ikatazama ukuta, akatoka kuanika nguo zake. Nilimwona kupitia dirisha akianika shati moja, akiliondoa, akilianika tena.

Wewe ulikuja baadaye, ukaigeuza, ukaitazama. Nilikuwa nasubiri ukasirike. Ulikuwa mwanamume tayari na ungeweza kupaza sauti. Ulisema tu, "Baba, mimi nilisimama peke yangu."

Ukatoka. Na tangu siku hiyo hujasimama mbele ya kamera yangu.

Nimeyabeba maneno hayo, mwanangu. Mwanzoni nilifikiri umemwonea wivu marehemu, nikakusikitikia. Baba anaweza kuwa mjinga akiwa na moyo safi kabisa. Ilichukua muda kuelewa kwamba wanaume wote wa ukoo walikuja kukuona ukisimama, kwamba hukumshika mtu mkono, kwamba hofu ile yote uliimeza wewe na mate yako. Nami nikachukua ujasiri wako nikaugawa nusu, kama mkate, nikampa asiyekuwa na njaa. Na huyo niliyempa hakuwa Mulongo. Alikuwa wewe, umegeuzwa tu. Miaka hiyo yote nilikuwa nakutazama wewe kumtafuta yeye, kisha namtazama yeye na kukuta wewe, na kila mwaka nilioongeza picha, uso wake halisi ulinitoka zaidi. Sasa nikifumba macho simwoni. Namwona mtu wa shati la bluu. Nilimzika mara ya pili, na mara hii hakukuwa na wa kunisaidia kushika sururu.

Kilichonirudishia kidogo ni wewe, na labda hujui. Ni juzijuzi tulipokuwa tunapukuchua mahindi. Mama yako alikuwa anakukemea kwa kutupa magunzi mlangoni, nawe ukacheka, ukasema bila mtu kukuuliza, "Mulongo angesema ni mimi, na mngemwamini. Yule alikuwa anajua kudanganya, wacha tu." Mama yako akaacha kupukuchua. Ukaendelea. Ukasema alikuwa anakukanyaga miguu mkilala ili ajue bado upo. Kwamba aliogopa bata lakini hakuogopa mbwa. Kwamba alikuwa anakula maganda ya viazi na kukulazimisha uape hutasema. Mama yako akasema, "Ati maganda? Si ndiyo maana tumbo lake!" mkacheka wote wawili, akakupiga begani na gunzi, akafuta macho kwa mkono wa gauni.

Mimi nilikuwa nimeshika hindi moja muda wote huo. Sikulipukuchua hata punje. Nilikuwa namsikia mtoto wangu kwa mara ya kwanza tangu afe, na aliyekuwa naye kila wakati ni wewe, umelala chumba cha pili, na sikuwahi kukuuliza. Niliwauliza wageni wote habari za marehemu wao. Kwako wewe nilileta kamera.

Kama kuna kitu ningependa uende nacho kwenye hiyo kazi ni hicho, na nadhani tayari unacho. Aliyebaki hai ndiye mwenye picha. Mkalishe. Msubiri. Ukiona unaanza kumwongezea kitu kwa huruma, simama kwanza unywe chai.

Leo mchana, ulipokwenda kuwaaga watu wa kanisani, nilimwita mama yako akaja akakaa hapa kando yangu. Tukafungua folda. Tulimfuta yule wa bluu, picha moja baada ya nyingine. Kila moja kompyuta iliuliza kama nina hakika, na mama yako alijibu kwa sauti, "Ana hakika." Tulibakiza ile ya kuku tu, yenye sikio moja. Nimeitoa upya jinsi ilivyo, bila kugusa ule moshi. Itakaa ukutani.

Ya tohara ndiyo iliyonishinda, na hapa nina kosa moja zaidi ambalo hulijui. Zamani, kwenye filamu, ungeweza kuchezea picha utakavyo. Filamu yenyewe ilibaki kwenye bahasha. Nilidhani kompyuta nayo inahifadhi filamu mahali fulani ndani yake. Nikamchora Mulongo juu ya picha yako na kuihifadhi hapohapo, kwa jina lilelile, na kamera nikaifuta ili nipige mazishi ya watu. Ile ya kwanza haipo. Nimetafuta kwenye sidii zote, hata zile zilizokwaruzika. Mahali nilipomsimamisha yule kijana palikuwa na mtu, nami nilimfunika.

Alikuwa kuka wako. Baba yangu.

Nimemkata yule wa uongo, taratibu, kwa kufuata kingo, na palipokuwa yeye pamebaki peupe. Unajua sisi hatuachi mahali peupe. Mteja akiona peupe anasema kazi haijaisha. Ningeweza kuazima ukuta wa nyumba nikapajaza. Ningeweza kuchukua kitambulisho cha mzee nikamrudisha, shingo na mabega, na watu wasingejua. Mkono ulikuwa umeshaanza. Nikaacha. Nimeichapisha hivyo, wewe upande mmoja na peupe kando yako, na imo kwenye bahasha hii.

Wewe hukuona nyuma yako, ulikuwa unatazama juu ya mapaa. Mama yako alikuwa ndani ya nyumba, kama inavyompasa mama. Mzee mwenyewe amekwisha kutangulia. Kwa hiyo nimebaki mimi tu niliyeona, na mara hii acha nikusimulie badala ya kuchora.

Kuka wako alikuja akasimama hatua chache nyuma ya bega lako la kushoto, amevaa lile koti la kijeshi lisilo na vifungo. Wazee wenzake wote walikuwa wanatazama miguu yako. Unajua walivyo, wanangoja kidole kitetemeke ili wapate la kusema kwa miaka. Yeye hakutazama miguu. Alikuwa anakutazama kisogo, na midomo yake ilikuwa inakwenda, sijui alikuwa anaomba au anataja majina ya watu. Halafu akavua kofia. Hujawahi kumwona baba yangu bila kofia nje ya nyumba, hata mimi ilikuwa mara yangu ya kwanza; hakuivua kwa chifu wala kwa padri. Aliivua akaishika kifuani kwa mikono miwili, na kichwa chake kilikuwa na upara mdogo ambao sikujua anao, na baridi yote ile ilimpiga hapo. Hakuirudisha mpaka mtahiri alipopuliza filimbi ya kumaliza na wanawake wakapiga vigelegele. Ndipo akanigeukia, akaniona nimeshika kamera, akasema, "Huyu amesimama." Basi. Akaenda kukaa kwenye kigoda chake.

Hiyo ndiyo picha. Nilikuwa nayo, nikaiharibu, na sasa nimekupa kwa maneno. Ukitaka kuijaza siku moja kwa mkono wako, ijaze. Mkono wako ni mwaminifu. Ukitaka ibaki peupe, nayo pia ni kazi iliyoisha.

Jambo la mwisho. Huku Kitale watu ni mchanganyiko na jina lako halimshtui mtu. Bungoma si hivyo; kule kila mtu anajua kwamba Mukhwana ni pacha wa kwanza na Mulongo ndiye anayemfuata. Kila utakapojitambulisha, kila mama mwenye kukuuzia nyanya atauliza, "Mukhwana! Na Mulongo yuko wapi?" Watauliza kwa furaha, kwa sababu pacha ni baraka. Nilitaka kukuandalia jibu, nikaandika, nikakata. Huna deni la kumjibu kwa ajili yangu. Sema alikufa, au sema ni hadithi ndefu, au mwambie yule mama habari za bata na maganda ya viazi. Na siku nyingine nyamaza tu ununue nyanya.

Namsikia mama yako ananiita. Chakula kimeiva na ananung'unika kwamba najificha huku na printa. Nitaiweka barua hii chini ya mashati yako, ambapo utaipata ukiwa umefika na umekwisha kuwa mwenye nyumba.

Kesho nitakusindikiza mpaka stendi. Kamera nitaiacha hapa, nimeshaifungia kabatini na ufunguo nimempa mama yako. Usigeuze uso. Nataka kukutazama tu, mikono yangu ikiwa mitupu, mpaka gari liondoke.

Baba yako